MIZANI INA PANDE MBILI

Na Katibu wa Chama



Wengi wenu mwajua ya kuwa mwaka jana, katika mwezi wa Juni, karafuu zikiwa bado changa juu ya miti, nilipata kusafiri bara kwa muda wa wiki tatu. Sikwenda kwa kazi ya chama. Nilikwenda kumtazama mtoto wa ndugu yangu, ambaye anafanya biashara ya nafaka katika mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Niliporudi mliniuliza habari za huko, nami niliwaeleza habari za baridi, na za malori yaliyopanga foleni mpakani, na za reli ya TAZARA ipitayo hapo kwendea Zambia. Lakini liko jambo moja sikulieleza, kwa sababu lilinitia haya.

Sasa Kamati imenitaka niandike maneno machache juu ya uadilifu katika dini yetu, ili wanachama wayasome kabla ya msimu kuanza. Nami nimeona kuwa siwezi kuandika juu ya uadilifu huku nikilificha jambo lile. Basi nitaanza nalo.

DEBE LA ITAKA

Siku moja yule kijana aliniambia, "Ami, kesho nakwenda Itaka kununua mahindi. Twende ukaone nchi." Nikakubali.

Itaka ni kata mojawapo katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wenyeji wa Mbozi wengi wao ni Wanyiha, na walio wengi katika hao ni Wakristo. Ni nchi ya mwinuko, na asubuhi ya mwezi wa Juni mtu wa pwani hatamani kutoa mkono nje ya shuka. Wanalima mahindi na maharage kwa chakula na kwa kuuza, lakini zao lao la fedha ni kahawa. Kahawa kwao ni kama karafuu kwetu: ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari ya kijana.

Tulifika kwa mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Alitukaribisha kwa chai, kisha akanichukua kunionyesha mibuni yake, akanieleza jinsi wanavyouza. Kahawa hupelekwa katika chama chao cha ushirika, hupimwa kwa mizani, mkulima akisimama pale pale na kuona kilo zake, naye hupewa stakabadhi. Kisha huuzwa kwa mnada. Alisema yako malalamiko, kwani fedha mara nyingine huchelewa, lakini akasema, "Mizani naiona kwa macho yangu." Nikayahifadhi maneno hayo.

Mahindi ni habari nyingine. Mahindi mkulima huyauza nyumbani kwake, kwa debe, na debe huja nalo mnunuzi.

Basi kijana wangu akateremsha debe lake garini, vibarua wakaanza kupima. Mzee akatazama debe la kwanza na la pili. Lilipofika la tatu akamwita mkewe, akamwambia amletee debe lake la ndani. Akalichukua debe la kijana, lililojaa, akalimimina ndani ya lake. La kwake likajaa, na mahindi yakamwagika chini, kuku wakaja mbio. Kumbe debe la kijana lilikuwa limegongwagongwa kwa ndani mpaka ubavu wake umetanuka.

Kijana akasema, "Mzee, debe ni debe."

Mzee akajibu, "Debe ni debe, lakini hili lako limeshiba."

Kisha akanigeukia mimi, maana ndiye niliyevaa kanzu na kofia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shehe, nyinyi Waislamu, kitabu chenu chasemaje juu ya debe?"

Ndugu zangu, sikupata swali gumu kuliko hilo tangu nilipotoka skuli. Gumu si kwa sababu sikujua jibu. Jibu nilikuwa nalijua tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, kwani iko sura nzima niliyoihifadhi kabla sijafika umri wa miaka kumi. Gumu kwa sababu mwenye debe lile alikuwa damu yangu.

Nilimwambia kijana anunue kwa debe la mzee. Alinitii kwa heshima ya umri, lakini alinuna, na siku ile alinunua magunia machache kuliko alivyokusudia. Tena alikuwa amezoea kununua kwa gunia la lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka juu ya mdomo wake likashonewa kiraka cha kamba, na sheria ya vipimo ya Tanzania Bara yakataza gunia la mazao lizidi kilo 100. Siku ile hakushona lumbesa.

Tulipokuwa njiani kurudi hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ami, lile bakuli la babu la kupimia karafuu, umelipima lini?"

Mkuki kwa nguruwe. Nilinyamaza mpaka Tunduma.

SURA TULIYOIHIFADHI TUKIWA WATOTO

Katika Kurani Tukufu Suratul Mutaffifin ni ya 83, nayo ina aya 36. Wale wanaoonywa mwanzoni mwake ni watu wenye vipimo viwili: wakiwa wapokeaji hutaka kipimo kijae, na wakiwa watoaji hukipunguza. Yafaa tuangalie vizuri. Mtu anayetaka haki yake kamili hakosi lolote. Kosa lake ni kuwa na jicho moja kwa haki yake na jicho jingine kwa haki ya mwenziwe.

Nabii Shuaib (A.S.) alipelekwa kwa watu wa Madyan, nao walikuwa watu wa biashara. Habari zake zimo katika Suratul Aaraf, katika Surat Hud na katika Suratush Shuaraa. Aliwaita kwa mambo mawili: wamwabudu Mungu mmoja, na watimize vipimo na mizani. Hakuyatenga mambo haya mawili, kana kwamba moja ni la msikitini na jingine ni la sokoni. Watu wake walimshangaa. Walimuuliza kama sala zake ndizo zinazomwamrisha awaingilie katika mali zao. Hata leo wapo wanaouliza swali hilo, ila hawalisemi kwa sauti.

Na katika Suratur Rahman, habari ya mizani imetajwa pamoja na habari ya kuinuliwa mbingu. Mashekhe wetu hutufundisha kuwa mizani hiyo ni kubwa kuliko mizani ya duka. Ni ule usawa ambao ulimwengu wote umesimama juu yake. Lakini maneno yanayofuata yarudi pale pale, kwa mpimaji na kipimo chake. Ndiyo kusema mwenye kuharibu pishi hatendi kosa dogo la senti mbili.

Lugha yetu nayo yatuonyesha jambo hili. Neno haki, na neno adili, na neno dhuluma, yote yametoka katika Kiarabu, nasi tumeyafanya yetu. Na neno haki lina maana mbili: ni kile ninachostahili kupata, na ni kile kilicho kweli. Mtu akisema "nataka haki yangu" na kipimo chake si cha kweli, ameligawa neno nusu kwa nusu.

HAKI HAINA JAMAA

Niliposimama pale Itaka, upande mmoja alikuwako mtoto wa ndugu yangu, Mwislamu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika kalamu. Upande wa pili alikuwako mzee wa kabila nyingine na dini nyingine, ambaye sikumjua jana yake. Roho ya mtu huvutwa wapi? Kila mmoja wenu anajua.

Wafasiri wa Kurani wasimulia kisa kilichotokea Madina, ambacho kwacho ziliteremka aya katika Suratun Nisaa. Mtu mmoja aitwaye Tu'ma bin Ubayriq, aliyehesabiwa kuwa Mwislamu, aliiba deraya ya jirani yake, akaificha kwa Myahudi mmoja. Deraya ilipotafutwa ikaonekana kwa yule Myahudi. Jamaa zake Tu'ma wakenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea ndugu yao, na kumtupia kosa yule asiye na jamaa. Kwa hali ya mambo ilivyoonekana, Myahudi alikuwa karibu kuhukumiwa. Aya zikateremka kumtakasa Myahudi na kumwonya yeyote atakayewatetea wahaini.

Ndani ya sura hiyo hiyo Waislamu wameamrishwa kusimama na uadilifu hata kama ushahidi utawaangukia wao wenyewe, au wazazi wao, au jamaa zao, awe mtu tajiri au masikini. Na katika Suratul Maida wameamrishwa kuwa chuki yao kwa watu fulani isiwafanye wakaacha uadilifu. Tazameni jinsi njia zote mbili zilivyozibwa. Mtu huiacha haki kwa mapenzi, na mtu huiacha haki kwa chuki, na kote kuwili amekatazwa.

Tena imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kumdhulumu asiye Mwislamu aliye katika amani na Waislamu, yeye Mtume mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Sijui mfanyabiashara gani wa kwetu aliyeko bara angependa kushitakiwa na mshitaki huyo kwa ajili ya debe la mahindi.

BAKULI LA BABA

Niliporudi nyumbani sikupumzika. Bakuli lile la bati nililirithi kwa marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, naye sijui alilipata wapi. Tumelitumia kwa kupimia karafuu za wachumaji kila msimu, nasi tumekuwa tukiliita "pishi".

Kila mmoja wetu ajua kuwa pishi ni vibaba vinne. Bibi yangu aliacha kibaba chake cha zamani, nami nikakilinganisha kwanza na vibaba vya majirani watatu, vikawa sawa. Nikafunga mlango, nikachukua mchele, nikaanza kumimina. Kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Bakuli halikujaa. Nikatia nusu kibaba tena, ndipo likajaa, likawa sawasawa na mdomo wake. Hapo sijataja kile kilima ambacho mchumaji huambiwa akiweke juu.

Nikakaa na kalamu. Vibaba vinne na nusu kwa kila bakuli. Mabakuli manane ni vibaba 36, na vibaba 36 ni pishi tisa. Maana yake, kwa kila pishi nane nilizolipa, ya tisa nilichumiwa bure. Mchumaji aliyenipimia pishi 80 katika msimu alinichumia pishi 90. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya mzee wa Itaka na kofia yangu, nikajifanya hakimu juu ya kijana.

Nilikwenda kwa shekhe ninayemwamini nikamweleza. Hakunikemea. Alinikumbusha maneno ambayo Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, ameyaeleza juu ya toba: kosa likiwa baina yako na Mungu, masharti yake ni matatu, kuliacha, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Lakini likiwa ni haki ya mtu, liko sharti la nne, kuirudisha kwa mwenyewe au kupata msamaha wake. Tasbihi haiwezi kufanya kazi ya sharti hilo.

Kisha akanitajia hadithi ya yule muflisi, ambayo naamini wengi wenu mmeisikia. Muflisi wa kweli, kwa maneno ya Mtume (S.A.W.), ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake, na funga zake, na zaka zake, lakini kumbe amewadhulumu watu. Basi thawabu zake zitagawiwa wale aliowadhulumu, mmoja mmoja, mpaka zimalizike, na madai yangalipo. Nilirudi nyumbani nikiwaza, mchumaji asiyejua hata kusoma jina lake atasimama kunidai nusu kibaba cha karafuu, nami nitakuwa natoa katika sala zangu za alfajiri.

"TULIJUA, BWANA"

Kwa bahati nzuri daftari zangu za misimu mitatu zilikuwapo. Niliwaita wachumaji wale niliowapata, wengi wao wanawake wa mtaani kwetu, nikawaeleza habari yote barazani, nikaleta bakuli na kibaba mbele yao.

Nilidhani watashituka. Hapana aliyeshituka. Mama mmoja wa makamo, ambaye amepanda mikarafuu yetu tangu enzi ya baba, alisema kwa utaratibu, "Tulijua, bwana. Si sisi ndio tunaoijaza?"

Nikamuuliza, "Mbona hamkusema?"

Akajibu, "Tungesema, msimu ujao ungetuita?"

Ndugu wanachama, katika safari yangu yote na vitabu vyangu vyote sikusoma maelezo ya dhuluma yaliyo mafupi na yaliyo wazi kuliko hayo. Mzee wa Itaka aliweza kumwambia kijana wangu kuwa debe lake limeshiba, kwa sababu mahindi yalikuwa yake, na mnunuzi mwingine angekuja kesho. Mchumaji hana mahindi. Ana mikono yake tu, na sisi ndio wenye miti. Kunyamaza kwake tulikuwa tukikuhesabu kuwa ni ridhaa.

Nililipa niliyoweza kuhesabu. Wawili walinisamehe, na mmoja alikuwa amefariki, nikawapa warithi wake. Wale wa zamani ambao siwajui walipo, shekhe aliniambia niwatolee sadaka kwa nia yao. Sisemi haya ili nisifiwe, maana hakuna sifa katika kurudisha kitu cha watu. Nayasema kwa sababu nina shaka kubwa kuwa bakuli langu si peke yake.

TUMEDAI HAKI MIAKA MINGI

Chama cha wakulima huundwa kwa ajili ya kudai haki, na sisi wenye mikarafuu twajua kudai. Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu cha Zanzibar. Mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitoa sheria kadha wa kadha kwa ajili ya madeni ya wenye mashamba, kwa sababu mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji. Mwaka 1937 chama kile kilipopewa mamlaka makubwa juu ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa na wa Bara Hindi waligomea karafuu zetu, mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Na kwa miaka mingi sasa mnunuzi wetu amekuwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kila msimu tunazungumza juu ya bei, na madaraja, na unyevu, na mizani za vituoni. Ni haki yetu kuzungumza.

Lakini katika habari zote hizo mnamuona mwenye shamba na mnunuzi, mkopeshaji na serikali. Mchumaji mnamuona wapi? Karafuu za visiwa hivi hapo kale zilichumwa kwa mikono ya watumwa, mpaka mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Tangu hapo mikono ile ililipwa. Basi pishi tunayompimia mchumaji si chombo kitupu. Ni alama ya kuwa huyu ni mtu huru aliyefanya mapatano na mtu mwenziwe. Anayeipanua pishi kwa siri anairudisha sehemu ya siku ya mtu huyo kule ilikotoka, kazi bila ya malipo.

HOJA TATU ZILIZOLETWA KATIKA KAMATI

Nilipolipeleka jambo hili katika Kamati palikuwa na maneno mengi, na baadhi ya wazee walisema Katibu anatuanika juani kama karafuu mbichi. Nitazieleza hoja zao kwa insafu, maana zilikuwa na uzito.

Hoja ya kwanza ilikuwa desturi. Walisema kila shamba lina bakuli lake tangu zamani, na wanavyuoni wenyewe wana kanuni kuwa desturi huhukumu. Ni kweli, kanuni hiyo iko. Lakini desturi huhukumu pale ambapo pande zote mbili zaijua na haikupingana na amri iliyo wazi. Kipimo kinachoitwa pishi na kisha si pishi hakiwezi kuwa desturi, kwa sababu jina lake ni uongo. Kijana wangu naye kule Itaka alisema debe lile ni desturi ya biashara. Nikilikataa neno hilo kwake, nitalikubali vipi kwangu?

Hoja ya pili ilikuwa kwamba wachumaji nao hawana usafi. Huchanganya majani na makonyo, huvunja matawi, na wengine huficha karafuu. Hili nalo ni kweli kwa baadhi yao, na ni dhuluma vile vile. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi, mwenyewe akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamtaka aweke ile mbichi juu watu waione, akaonya kuwa mdanganyifu si katika watu wake. Basi mchumaji akitia makonyo, akataliwe mchana kweupe, azichambue tena. Lakini dhuluma haifutwi kwa dhuluma. Na tukiisoma hadithi hii tukumbuke kuwa sisi nasi tuna magunia tunayoyapeleka kituoni, na ndani ya baadhi yake zimo karafuu ambazo jua halikuzimaliza.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Walisema tukipima kwa pishi ya kweli gharama ya uchumaji itapanda, na mkulima mdogo mwenye miti michache hatamudu. Nilijibu hivi. Mwenye kuona kuwa hawezi kulipa bei fulani kwa pishi, na aseme bei anayoiweza, waziwazi, kabla ya mtu kupanda mti. Mchumaji atakubali au atakataa. Hiyo ni biashara, na Kurani imeihalalisha biashara iliyo kwa ridhaa. Bei ndogo iliyotajwa ni mapatano. Bakuli kubwa lisilotajwa ni wizi. Baina ya hizo mbili hakuna tofauti ya fedha pengine, lakini tofauti yake ni kubwa kwa Mwenyezi Mungu, na ni kubwa kwa heshima ya mtu.

HAKUNA MUHTASIBU ATAKAYEKUJA

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako mtu aliyeitwa muhtasibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni na kukagua vipimo. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyekufa mwaka 1058, ameandika mlango mzima juu ya kazi hiyo katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Muhtasibu hakungoja mtu aje kushitaki, kwani alijua kuwa mnyonge mara nyingi hashitaki.

Kwetu leo Mahakama ya Kadhi hushughulika na mambo ya ndoa, talaka, mirathi na watoto. Hapana kadhi atakayekuja shambani kwako kupima bakuli. Hakimu wa bakuli lako ni wewe mwenyewe, na hukumu ngumu kabisa ni ile ambayo hakimu na mshitakiwa ni mtu mmoja.

Kwa sababu hii Kamati, baada ya majadiliano ya vikao viwili, imekubali mambo haya, nayo yatafanyika kabla ya msimu:

Kwanza, kila mwanachama alete ofisini chombo chake cha kupimia, kilinganishwe na pishi ya chama, ambayo ni vibaba vinne kamili. Kilicho sawa kitatiwa alama ya rangi. Kilichozidi kitakatwa, au kitachorwa mstari ndani. Hapana atakayeulizwa amekitumia tangu lini.

Pili, kipimo kiwe cha kufutwa, si cha kilima, isipokuwa kilima kikitajwa katika mapatano tangu mwanzo.

Tatu, mchumaji awe na ruhusa ya kupima kwa mkono wake, mwenye shamba akitazama.

Nne, hesabu iandikwe mbele yake na isomwe kwa sauti. Kumbukeni kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya Suratul Baqara inayoamrisha deni liandikwe.

Tano, malipo yatolewe mapema, kama tulivyofundishwa kuwa mtenda kazi alipwe jasho lake halijakauka.

Nimeleta bakuli langu mimi wa kwanza. Liko juu ya meza ya ofisi, na mstari mwekundu umechorwa ndani yake, kidole kimoja na nusu chini ya mdomo. Mwanachama yeyote anaweza kuja kulitazama, na anayetaka kucheka na acheke, illa asije mikono mitupu. Aje na lake.

Ama kijana wangu wa Tunduma, alinipigia simu mwezi wa Rajabu. Tulizungumza mambo mengi ya nyumbani. Kabla ya kuagana akaniuliza, "Ami, ulilipima?" Nikamwambia nililipima. "Likawaje?" Nikamwambia lilizidi nusu kibaba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nami nimenunua debe jipya."

Wabillahi tawfiq.